Uzoefu wangu: Crown ya Belfast, baa iliyojengwa na mafundi wa makanisa

Watu wakienda Belfast, mji mkuu wa Ireland ya Kaskazini, wanakimbilia makumbusho ya Titanic, na sawa, nendeni, ila msiondoke mjini bila kupita Great Victoria Street mkaingia Crown Liquor Saloon. Wenyeji wanaiita Crown tu. Mimi sio mnywaji kihivyo, bia moja naweza kukaa nayo jioni nzima mpaka ipate joto, lakini hii baa naipa nyota nne na nusu na hiyo nusu iliyobaki nitaielezea huko mbele.

Aliyenipeleka ni binamu yangu anayeishi huko, na masharti yake yalikuwa mawili, twende siku ya kazi na twende mchana. "Kaka, Ijumaa usiku pale unasimama kama uko kwenye daladala," aliniambia. Na kweli, wageni ni wengi na kila mtu ana simu juu anapiga picha dari.

Sasa kabla hujaingia simama kwanza nje uangalie. Baa nyingi za kule zimepakwa rangi nyeusi au kijani, kibao kimoja na vikapu vya maua, imeisha. Hii ukuta wake wa chini wote umevalishwa vigae vya rangi rangi vinavyong'aa, vilitoka kiwanda cha Craven Dunnill kule Shropshire, Uingereza, yaani ukiipita na basi lazima ugeuze shingo. Na hiyo ndio ilikuwa shida yao enzi zile, kugeuza shingo za watu. Belfast ya wakati wa Malkia Victoria ilikuwa na pesa, viwanda vya kitani, viwanda vya kamba, meli za Harland & Wolff, mwaka 1888 ikapandishwa kuwa jiji kabisa, na wafanyakazi wote hao wakitoka kazini wanakaa nyumba za giza na moshi wa makaa, kwa hiyo mwenye baa aliyeweka taa nyingi za gesi, vioo vikubwa na mbao za kuchongwa ndiye aliyevuta watu. Fasheni hiyo ilianzia London, ikasambaa, kila mwenye baa anataka kumzidi jirani.

Huyu wa Crown aliwazidi wote. Baa yenyewe ilianza ikiitwa Railway Tavern, ya Felix O'Hanlon, na stesheni ilikuwa hapo ng'ambo ya barabara tangu 1839 kwa hiyo jina halihitaji maelezo. Baadaye akainunua Michael Flanagan, ila ni mtoto wake Patrick ndiye aliyekuja na makubwa, 1885 akaikarabati na kuibadilisha jina ikawa Crown, yaani taji.

Hapo kwenye jina ndipo kuna umbea mtamu. Ukifika mlangoni angalia chini, kuna taji limetengenezwa kwa vipande vidogo vya vigae, liko sakafuni pale pale pa kukanyagia. Wanavyosimulia, mke wa Patrick alikuwa upande wa Uingereza na ndiye aliyeng'ang'ania baa iitwe jina la kuheshimu taji, na Patrick mwenyewe alikuwa Muairishi wa damu asiyetaka kusikia habari za malkia, basi bwana hakugombana, akasema sawa mke wangu jina nimekubali, ila hilo taji nitaliweka pale mlangoni, na toka siku hiyo kila mlevi wa Belfast anafuta viatu juu yake. Hadithi za baa mnazijua zilivyo, zinaongezwa chumvi kila mwaka, lakini taji lipo na miguu inapita, mimi mwenyewe nimelikanyaga.

Ndani sasa. Aisee. Kaunta ni ndefu, juu yake jiwe la graniti jekundu, na umbo lake lote utasema ni madhabahu, na sio kwamba nimelewa, ina sababu. Miaka ile Belfast makanisa mengi mapya yalikuwa yanajengwa na mafundi walikuwa wameletwa kutoka Italia, watu wa vigae, vioo vya rangi na kuchonga mbao. Flanagan akawafuata akawashawishi, mchana fanyeni kazi ya kanisa, mkitoka njooni kwangu. Yaani dei waka ya jioni. Mtu anashinda anapamba nyumba ya Mungu halafu usiku anapamba ya bia, na mkono ni ule ule, huwezi kuubadilisha. Mimi nililelewa kanisani, nilivyosimama pale kaunta nikajikuta nimevua kofia bila kupanga. Chini ya kaunta kuna sehemu ya kuegesha miguu, na ilijengwa iwe inapata moto, kwa baridi ya kule huyo aliyewaza hivyo alikuwa anawapenda wateja wake au alikuwa anawataka wasiondoke, vyote viwili sawa tu.

Lakini kitu cha kufia ni vile vichumba. Viko 10, vimepangwa ukutani mkabala na kaunta, vina herufi A mpaka J, kila kimoja kina milango yake ya mbao na vioo ambavyo mtu wa nje hakuoni. Vilijengwa kwa ajili ya wateja wanaoona haya, maana zama zile mtu mwenye heshima zake kuonekana baa ilikuwa kashfa, basi unaingia unajifungia unakunywa yako kwa amani. Juu ya nguzo za vichumba kuna simba wamechongwa kwa mbao, na yule mnyama wa hadithi mwenye mwili wa simba na kichwa cha tai, wameshika ngao zenye maneno ya Kilatini, moja inasifu kuipenda nchi yako na nyingine inasema bahati ni ya wenye kuthubutu. Huku kwenye vioo vya madirisha kuna mananasi, makombe ya baharini na wachekeshaji wa sarakasi. Mananasi Belfast! Nilicheka sana.

Binamu alitangulia kushika kichumba mimi nikaagiza. Tukafunga mlango. Ukishakaa, angalia ukutani kuna kibati cha chuma, hicho kilikuwa cha kuwashia kiberiti, unapitisha njiti inashika, unawasha kiko chako. Nimekipitisha kidole, bado unasikia mikwaruzo. Sigara zilipigwa marufuku ndani ya baa zote za Ireland ya Kaskazini toka Aprili 2007, kwa hiyo sasa hivi ni pambo, ila kwangu hicho kibati ndio kitu kizuri kuliko vyote mle, kizuri kuliko hata dari, sababu dari liliwekwa ushangae na kibati kiliwekwa ukitumie. Kulikuwa na kengele pia za kumwita mhudumu bila kutoa kichwa nje. Watu walifikiria jamani.

Ajabu ni kwamba bado ipo. Ng'ambo ya barabara kuna hoteli ya Europa, ilifunguliwa 1971, na kwenye miaka ya vurugu za kule, kati ya waliotaka kubaki na Uingereza na waliotaka Ireland iwe moja, ililipuliwa mabomu zaidi ya mara 30, sasa fikiria wewe una baa ya vioo inayotazamana na hoteli hiyo. Vioo vilipasuka, vikatengenezwa, vikapasuka tena. Mwaka 1978 National Trust, lile shirika la kutunza majumba ya zamani, wakainunua, mmoja wa waliowasukuma ni mshairi John Betjeman, na miaka mitatu baadaye wakatumia pauni 400,000 kuirudisha ilivyokuwa enzi za Victoria. Halafu 2007 tena pauni 500,000. Taa za gesi zikabaki. Kuiendesha wameikodisha kwa kampuni, ni moja ya baa za kundi linaloitwa Nicholson's.

Na hapa ndio kwenye ile nusu nyota yangu. Baa hii kila ukigusa kitu unagusa wazimu wa mtu mmoja na familia yake, ubishi wake na mke wake, njaa yake ya kuwazidi majirani, alafu ukitaka kumsalimia mwenye nyumba hayupo, kuna shirika na kuna kampuni. Sisemi wahudumu wabaya, hapana, walikuwa wachangamfu. Ila baa za mtaani tulizozoea unamjua mwenye baa, anakukopesha, anakutania, anakufukuza ukizidi. Crown imepata mlinzi mzuri ikakosa Flanagan. Najua kabisa bila hao National Trust labda leo tungekuta pameshakuwa duka la simu, kwa hiyo sidai nirudishiwe kitu, nalalamika tu kama mteja.

Bia, Guinness iliyomiminwa taratibu ikaachwa itulie kwanza, sio ile ya chupa tunayoijua nyumbani, hii ni laini haina ukali ule, mwenye kupenda ukali atasema ni maji. Chakula ni cha baa, chipsi samaki na pai, na ghorofani kuna sehemu ya kulia kama chini pamejaa. Wa soda hamtasumbuliwa, nilimwona mama mmoja na chai yake ametulia kabisa. Mkipata kichumba msitoke wote kwa mpigo kwenda kupiga picha, mmoja abaki, mkirudi mtakuta kuna familia nzima imeshakaa na hawasogei.

Wanaokwenda Dublin kwa treni, stesheni mpya ya Grand Central iliyofunguliwa 2024 iko pale nyuma ya Europa, unatembea dakika chache tu, kwa hiyo mnaweza kukaa mpaka karibu na muda, ila tiketi nunueni mapema.