Filimbi za shule: "Si ni za watoto tu, mwalimu?"

Usinunue. Nimeanza na hilo kwa sababu najua wengine mtaishia mstari wa kwanza. Ukivumilia kusoma utaona mwenyewe nilivyoyumba, lakini leo nina hasira na neno la kwanza linabaki hilo.

Nafundisha muziki darasa la nne. Miaka yote tulikuwa tunaimba tu na kupiga makofi, hadi wazazi walipochanga na shule ikaagiza filimbi 40, zile rekoda za plastiki, tundu moja nyuma la kidole gumba na saba mbele. Rangi, uzito, mfuko wake, hayo yote yapo kwenye tangazo la duka lililotuuzia, msiniulize. Mimi nina jambo moja tu: Fa.

Aliyewahi kufundisha filimbi hii anajua mwendo wake. Unaanza na B, A na G, noti za mkono wa kushoto peke yake. Unakaa hapo wiki nyingi, maana shida ya mtoto wa miaka tisa si noti, ni pumzi: akikaza inapiga mluzi wa kutoboa masikio, akilegeza inazimika. Kisha unaingiza mkono wa kulia, E, D, halafu C ya chini, ambayo inataka matundu yote yazibwe, na kidole kimoja kikikaa upande basi imeharibika. Niwe mkweli, hapo filimbi hizi zilinifurahisha mno. C ilitoka nene na tulivu hata kwa watoto wenye vidole kama njiti. Nilizisifia kwa kila aliyekubali kunisikiliza. Ningeandika siku zile mngesoma shairi.

F, yaani Fa yetu, niliiacha mwisho kwa sababu vidole vyake vinakanganya. Karatasi iliyokuja ndani ya boksi inasema: ziba gumba, ziba la kwanza mpaka la nne, acha la tano wazi, ziba la sita na la saba. Nikafundisha hivyo hivyo. Sauti ya darasa ikachacha. Wakifika kwenye F wote pamoja, kitu kinatikisika hewani. Wengine wapo, wengine wameshuka kidogo, si F wala si E. Nami nikafanya lililo jepesi, nikawalaumu watoto. Zibeni vizuri! Shusha kidole! Nani huyo anayepuliza kama anazima moto?

Mstari wa nyuma yuko binti mmoja mkimya. Yeye kila tukifika F anainua vidole viwili vya chini. Anaziba mpaka tundu la nne, basi. Nilimkemea siku ya kwanza, nikamkemea ya pili. Ya tatu akasema, "Mwalimu, hii yangu haitaki hivyo." Nikamwambia filimbi haina cha kutaka, mvivu ni yeye. Naandika hili na uso unaniwaka.

Ikafika siku ya wazazi. Wimbo wenyewe mfupi, F imo mara nne. Ya kwanza ilipopita, baba mmoja wa mbele akakunja uso. Ya pili, madarasa mengine yakaanza kucheka. Ya tatu wanangu nao wakasikia, na mtoto akishajua kwamba anaharibu mbele ya mama yake huongeza nguvu, na filimbi hii ukiipuliza kwa nguvu sauti inapanda. Ya nne sitaki kuisimulia.

Jioni nikachukua yangu na ya yule binti, nikazilaza mezani sambamba. Kwa mbali ni mapacha. Kwenye yangu tundu la nne ni dogo na la tano kubwa. Kwenye yake kinyume, la nne kubwa, la tano dogo. Kumbe ni mifumo miwili! Yangu ya baroko, mfumo wa ile karatasi ya kwenye boksi, yake ya Kijerumani, ule mfumo uliotokea Ujerumani miaka ya 1920 na unaohusishwa na mtengenezaji wa ala Peter Harlan. F yake ni nyepesi: ziba mpaka la nne, umemaliza. (Wepesi huo unalipiwa kwingine, ukifika kwenye F kali, noti iliyo juu kidogo ya F, vidole vinaanza kusumbua, ndiyo maana walimu wengi wanaukwepa mfumo huu.) Binti hakusoma haya popote. Alisikia noti imeshuka, akaitafuta kwa vidole mpaka ikakaa.

Nikazitoa zote nikahesabu. Za baroko 23, za Kijerumani 17, boksi moja, karatasi moja ya maelekezo. Na noti nyingine zote tulizokuwa tumejifunza vidole vyake ni vile vile kwa mifumo yote miwili, ndiyo maana miezi imepita nisijue. Mimi, mwalimu wa muziki! Hata sijui hasira hii ni ya kwao au ya kwangu. Ngoja. Ni ya kwao.

Nikapiga simu dukani. Kijana wa huduma kwa wateja akanisikiliza kama mtu anayesubiri basi. Nikamweleza tundu la nne, nikamweleza la tano. Akasema, "Waambie wapulize kwa nguvu, mwalimu." Nikaanza kumwambia kwamba hilo ndilo la mwisho kumwambia mtoto mwenye filimbi. Akanikatiza: "Lakini hizi si ni za watoto tu? Kwani nani atasikia?"

Nani atasikia! Mzee wa kwaya anaweza kuvumilia noti chafu kwa sababu anaijua safi ilivyo. Mtoto hana nyingine kichwani, ile filimbi uliyompa ndiyo inayomwambia F ni kitu gani. Hayo nilimwambia, kwa sauti ambayo nisingependa darasa langu liisikie. Akanyamaza, kisha akaniuliza napiga kutoka shule gani, nami nikajikuta nimekata simu. Usiku, kitandani, bado namtukana moyoni, nikakumbuka "mvivu ni wewe." Usingizi ukaisha.

Kesho yake nilimwomba binti msamaha mbele ya wenzake, nikamwomba awaonyeshe. Zile 17 tukazifunga uzi mwekundu, wenye uzi wakakaa upande mmoja na vidole vyao, wasio na uzi upande mwingine na vyao. Tukapiga F. Ikatulia. Asikwambie mtu, niligeukia ubao nikajifanya nafuta.

Sasa ninapoyumba ni hapa. Siku kadhaa baadaye alinipigia mama mmoja wa pale pale dukani, mtu mwenye adabu, akaomba radhi bila kuzungukazunguka, akasema nirudishe za Kijerumani atume za baroko. Sauti ya filimbi ni nzuri, hilo siwezi kulikana kwa sababu ya kijana mmoja. Kwa hiyo nunua? Labda. Ila usimpe mtoto hata moja kabla hujaangalia la nne na la tano kwa macho yako, na simu akipokea yule kijana, kata upige tena.

Boksi jipya limefika. Lina filimbi 16, maana binti amegoma kurudisha yake, anasema wameshazoeana. Amekaa nami sakafuni, anazisogeza jichoni moja moja. Tumefika ya 11 na zote ni baroko. Nyota nitaweka tukimaliza.