The Godfather ya kwanza na ya pili: kwangu ya pili imeshinda

Ya kwanza niliionaga zamani kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu Chang'ombe, hapa Dodoma, ile iliyoingizwa tafsiri. Mtafsiri alikuwa anaongea mwanzo mwisho, hata pale wahusika waliponyamaza. Mwezi uliopita nikawekewa zote mbili kwenye flashi, ya 1972 na ya 1974, bila tafsiri. Jumamosi tukaangalia ya kwanza, Jumapili ya pili, mimi na kaka yangu.

Ya kwanza ni karibu saa tatu na hata huzisikii. Marlon Brando ndiye mzee Vito Corleone, mkuu wa familia ya mafia, na ukimwekea mtu yeyote ataielewa. Mzee anapoanguka kwenye bustani yake ya nyanya huku akicheza na mjukuu, nilimkumbuka marehemu baba na mizabibu yake kule Hombolo.

Ya pili inataka utulie. Dakika 202, hadithi mbili zinapishana: Vito kijana, ambaye ni Robert De Niro, anaanza maisha New York, na miaka ya 1950 mwanawe Michael, yaani Al Pacino, anatawala akiwa Nevada. Mambo ya Cuba yalinichanganya, na kaka akasinzia kabisa.

Halafu ikanishika. Nje kuna sherehe ya mtakatifu, matarumbeta yanalia. Vito anamvizia Fanucci, mbabe anayewatoza watu hela mtaani, mlangoni kwake, bastola ameiviringishia taulo. Anafyatua, taulo linashika moto mkononi mwake. Dakika chache baadaye amekaa kwenye ngazi za nyumba yao, amempakata Michael akiwa bado mchanga, anamnong'oneza kwamba baba yake anampenda. De Niro haongei sana, lakini sauti ile ya mikwaruzo ya Brando ameipata. Wote wawili walipewa Oscar kwa kumwigiza mtu yuleyule. Filamu ya kwanza ilipata Oscar 3, ya pili 6, ikawa mwendelezo wa kwanza kutwaa ya filamu bora. Kwangu ilistahili.

Kama hujaiona, ishia hapa.

Fredo, kaka yake Michael, anamsaliti. Michael anasubiri mpaka mama yao afe. Msibani anamkumbatia Fredo, na juu ya bega lake anamtazama mlinzi wake. Mimi nilielewa palepale. Kisha ule mtumbwi ziwani, Fredo anavua samaki huku anasali Salamu Maria, na Michael yuko dirishani. Katika ya kwanza anaua maadui, ukawa unamshangilia. Hapa amemuua wa tumbo moja, na filamu inamwacha peke yake kwenye kiti.

Mimi na kaka tulinuniana miaka miwili kwa sababu ya shamba lile la Hombolo. Alikuwa ameamka kitambo, sikujua. Mlio wa risasi uliposikika alisema tu, "Zima kwanza, mdogo wangu." Tukaimalizia kesho yake.