Citroën 2CV kwenye njia za mashamba Ufaransa: uzoefu wangu

Nililikodi gari hili dogo la kampuni ya Kifaransa Citroën, toleo la miaka ya 1980, kwa sababu moja: springi zake. Nimekulia Pangani, enzi barabara ya kwenda Tanga ilikuwa vumbi tupu, mashimo na rasta mpaka meno yanagongana. Tangu hapo gari nalipima kwa namna linavyopita pabaya. Kwenye lami hata bovu linapendeza.

Nikalipeleka La Ferté-Vidame, magharibi ya Paris, kwa kuwa huko ndiko Citroën walikolifanyia majaribio kabla ya Vita Kuu ya Pili, nyuma ya ukuta, likiitwa TPV, kifupi cha Kifaransa chenye maana ya gari dogo kabisa. Bosi wao, Pierre-Jules Boulanger, alitaka gari la kubeba wakulima wawili na kilo 50 za viazi, liende kilomita 60 kwa saa, litumie lita 3 kwa kilomita 100, na likikatiza shamba lililolimwa na kapu la mayai lisivunje hata moja. Kufikia 1939 walikuwa wameunda takriban 250, zenye taa moja tu mbele. Vita ikaingia Septemba, maonyesho ya magari ya Paris yakafutwa, na karibu zote zikaharibiwa. Tatu zilikuja kuonekana mwaka 1994, zimefichwa juu darini mwa ghala hapo hapo La Ferté-Vidame. Gari lililozinduliwa Oktoba 1948 lilikuwa limebadilika sana: injini ya kupozwa kwa maji ilibadilishwa ikawa ya upepo, na springi zikasukwa upya.

Basi nami nikanunua trei la mayai sokoni, nikaliweka kiti cha nyuma bila kulifunga, nikaingia njia ya matrekta yenye kokoto na makorongo. Mwendo ulikuwa kama kilomita 40 kwa saa. Bodi inapanda na kushuka polepole, kiti kinakubembeza, lakini ule mgongano wa chuma kwa chuma ninaoujua mimi haukuja. Nilipofika mwisho wa njia nikahesabu mayai yote, mazima.

Siri yake ni hii. Kila upande chini ya sakafu umelazwa mrija wa chuma wenye springi mbili, moja ya gurudumu la mbele na moja ya nyuma. La mbele likipanda jiwe, mkono wake unavuta springi, na mrija wenyewe unasogea kidogo, hivyo nyuma nayo inainuka kiasi. Gari halichomeki pua. Hapo hakuna kompyuta wala pampu ya mafuta, ni springi na vyuma vya kuvuta, na fundi yeyote mwenye akili anauelewa mfumo mzima akilala chini dakika chache. Nimeendesha magari yenye bei kubwa zaidi mara nyingi kuliko hili, ambayo kwenye njia ile yangenitoa mgongo.

Kwenye kona sasa, jiandae. Linalala upande kama jahazi lililoshika upepo, na abiria wangu alishika mlango kwa mikono miwili. Matairi membamba lakini yanang'ang'ania barabara, hayakuteleza hata palipokuwa na tope. Gia inatokea kwenye dashibodi: unasukuma, unavuta, unasokota, na ukizoea ni rahisi kuliko inavyoonekana. Injini ni ya cc 602, silinda mbili, nguvu za farasi 29. Kilimani unashuka gia mapema na kuvumilia. Kelele ipo, hasa ukikunja paa la turubai, ila mimi paa lile nililipenda mno.

Kwa barabara kuu silipendekezi. Malori yanakupita yakikuyumbisha. Kwa njia za vijijini sijaendesha gari dogo linalomjali abiria kiasi hiki.

Uzalishaji ulikoma Julai 1990 kule Mangualde, Ureno, kwa hiyo ukitaka kununua unanunua kuukuu. Usidanganywe na rangi. Lala chini uigonge chesisi kwa bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma, maana kutu inakaa ndani yake isionekane. Ikiwa imeoza, chesisi mpya zilizopakwa zinki zinauzwa. Ingiza gharama hiyo kwenye bei kabla hujatoa pesa.