Gesti ya Kigoma ambayo mgeni haingii jikoni, wala haoni haja ya kuingia

Nyumba yenyewe ni ya familia, iko mtaani juu ya Mwanga, vyumba vinne vya wageni vimeungwa ubavuni. Usiku mmoja ni shilingi 45,000 pamoja na chai ya asubuhi. Chumba kisafi, chandarua hakina matundu, maji yanatoka, na ziwa unalipata kwa kipande ukisimama kwenye kona ya baraza. Hayo yanatosha, maana ninachotaka kukisifia ni jiko, na humo sikukanyaga.

Nina kisukari, natumia insulini, na riziki yangu iko barabarani: nasambaza spea za pikipiki. Kichupa nilichokwisha kukifungua naweza kukaa nacho chumbani wiki nne hivi, mradi joto lisipite nyuzi 30. Cha akiba lazima kikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, na kisigande; kikiganda, hata kikiyeyuka baadaye ni cha kutupa. Kwa hiyo kabla sijauliza bei huwa nauliza friji. Na kwenye nyumba za namna hii friji karibu kila mara iko jikoni kwa wenyewe. Nimeshaingia majiko ya watu alfajiri, taulo begani, nikamkuta mama mtu na kanga yake moja anakoroga uji, baba mtu anamalizia kiporo kwenye sufuria, nami katikati yao naomba njia na kichupa changu. Hakuna anayefurahi hapo, si wao si mimi.

Kuna gesti moja, mji siutaji, walibandika kipande cha boksi mlangoni: HAIRUHUSIWI KUINGIA JIKONI, na alama za mshangao tatu. Wageni walikuwa wanaisoma huku wanapita. Wangefanyaje? Maji ya moto yalikuwa humo, kisu cha kukatia papai humo, chumvi humo. Boksi halichemshi maji.

Mwenye nyumba wa Kigoma ni mjane aliyestaafu ualimu, mtaa mzima unamwita Mwalimu. Yeye hakubandika kitu. Alichofanya ni kukitoa nje kila ambacho mgeni angekifuata ndani. Kwenye baraza la nyuma, kati ya vyumba na jiko, kuna meza ya mninga. Juu yake birika la umeme, vikombe vimefunikwa kitambaa cha kudarizi, majani ya chai, sukari kwenye kopo la mfuniko unaobana (sisimizi wa hapo hawana utani), ubao wa kukatia, na kisu kilichofungwa kamba kwenye mguu wa meza. Pembeni ndoo ya maji ya kunywa yenye koki, karai na sabuni ya kuoshea ulichochafua. Na friji ndogo ya wageni peke yao, ndani yake kila chumba kina bakuli lake la mfuniko lenye namba.

Nilipomwambia nina insulini hakushtuka wala hakuniangalia kwa huruma. Alifungua friji mwenyewe.

“Usiweke mlangoni, baba, hapo kila mtu anafungua na kufunga. Weka hapa katikati, na usiisogeze kule kwenye barafu.”

Marehemu mumewe alikuwa anachoma hiyo hiyo.

Jiko lenyewe lina mlango wa nusu. Kipande cha chini kimefungwa, komeo liko upande wao. Cha juu kiko wazi mchana kutwa. Hapo ndipo mambo yote yanapofanyika. Unasimama, unaegemea, unaona masufuria yanavyosuguliwa, unasikia harufu ya mawese yakipata moto, unapiga soga na binti anayepika, na chakula kinakujia kwa juu. Huna haja ya kuingia kukagua usafi, unauona. Nilimuuliza Mwalimu kwa nini hakufunga tu mlango mzima. Akasema wageni wakifungiwa wanadhani wanafichwa kitu. Halafu akaongeza: “Vyumba nimewakodishia. Huku wajukuu wangu wanakula bila mashati, huku sijakodisha.”

Nilimwona akijaribiwa. Kijana mmoja kutoka Dar alirudi kutoka mwalo wa Kibirizi na samaki aina ya kuhe, mzima, kwenye mfuko mbadala, unavuja maji njia nzima, anataka ampike mwenyewe kwa staili aliyoiona kwenye simu. Mkono tayari ulikuwa unatafuta komeo.

“Mwanangu, samaki mlete, wewe baki. Nikukaangie au nikuchemshie?”

Beseni likatokea juu ya mlango kabla kijana hajajibu. Samaki akaingia, kijana akabaki. Gharama ya kupikiwa ni elfu tano, na alikuja na ugali wa muhogo na mchuzi wa mawese. Ile staili ya simu haikutajwa tena.

Sasa kasoro. Maji ya moto ya usiku ni machache. Umeme ukikatika birika ni pambo, na chupa mbili za chai wanazojaza jioni zinamalizwa na waliokodi boti ya kwenda Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe, ambao huamka kabla ya kila mtu na kujaza mpaka chupa zao za safari. Saa kumi na moja alfajiri nilipata tone. Friji, siku hiyo umeme ulipokatika, haikuniumiza: Mwalimu alisogeza kigoda kizito mbele ya mlango wake, na friji isipofunguliwafunguliwa inashika baridi saa kadhaa. Dawa yangu ilikuwa salama.

Usije mbalamwezi kwa tamaa ya dagaa wabichi. Wavuvi wanawavuta kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi. Mimi nilikunywa chai na viazi vitamu. Dagaa wakavu wa kubeba nyumbani wapo sokoni, ila hapa huruhusiwi kulala nao chumbani. Kuna rafu ya juu nje, ya wavu, na paka wa jirani anakaa chini yake akipiga hesabu.

Wenye dawa za kuwekwa kwenye baridi ombeni chumba namba tatu, mlango wake unatazamana na meza. Na Mwalimu, shikamoo: ongeza chupa ya tatu ya maji ya moto, mmoja wetu hapo haendi Gombe.