King'amuzi kizuri, shida ni siku ya kuachana nacho

Nimekaa na king'amuzi hiki miaka mitatu na sina ugomvi nacho. Picha safi, kinawaka upesi, kinarekodi vipindi kwenye diski yake ya ndani. Kasoro yake niliijua siku niliyoamua kukigawa kwa wifi yangu.

Kwanza, menyu ya kufuta inadai namba ya siri, ileile niliyowawekea watoto nikaisahau. Nikajaribu 0000, nikajaribu 1234, mwisho ikakubali mwaka aliozaliwa kifungua mimba wangu. Nikabonyeza "Rejesha mipangilio", kikazima, kikawaka, kikaniuliza lugha kama kimetoka dukani. Nikachomoa kadi yangu, nikakifunga, nikakipeleka.

Jioni simu ikaita. "Wifi, hizi tamthilia zote ni zako?"

Mimi ninayejigamba sina muda wa tamthilia! Kumbe kitufe kile kinafuta chaneli, lugha na nywila ya waifai tu. Vilivyorekodiwa havikuguswa. Cha kufuta kila kitu kimefichwa menyu tatu chini, kwa jina la "Matengenezo", kana kwamba ni cha fundi. Hapo ndipo ninapokasirika: neno "rejesha" linakupa amani usiyostahili.

Halafu kuna akaunti ya kutazama kwa intaneti. Hiyo haikai ndani ya boksi peke yake. Ilibidi niingie kwa simu, nifungue orodha ya vifaa vyangu, nikiondoe huko, la sivyo kingeendelea kuhesabiwa changu.

Wifi akarudia kazi ya kufuta, safari hii kwa "Matengenezo", huku nikimwelekeza kwa simu. Taa nyekundu ikapepesa, kioo cheusi, dakika zikaenda. "Nichomoe waya?" Nikapiga kelele asithubutu. Kikikatiwa umeme katikati ya kazi hiyo, programu yake inaweza kuharibika kisiwake tena. Kilipowaka, rimoti ikawa kiziwi. Hii inatumia bluetooth, na uhusiano wake na boksi ulifutwa pamoja na mengine, kwa hiyo akashikilia vitufe viwili mpaka ikaunganishwa upya.

Kwa kutazama nakipa nyota nne. Kwa kukigawa, mbili, na ya pili ni ya huruma. Wifi yeye angekipa sifuri: kati ya sehemu 12 za ile tamthilia tulizofuta, alikuwa ameshafika ya tano.