Paking ya uwanja wa ndege, wiki tatu: nyota mbili, na moja ni ya kaka wa waya

Wenye joto lao mtanielewa. Sisi wa jangwani kiangazi hatuendi likizo, tunakimbia, na shida ya kukimbia ni kwamba lazima urudi. Ndo maana tiketi naichagua kwa saa ya kutua, bei baadaye. Nilipata ya kutua saa kumi na moja alfajiri, jua halijashika zamu. Basi ndege ya kuunganisha ikachelewa, tunaambiwa nusu saa, tena nusu saa, watu tumejilaza kwenye viti vya chuma, mwisho nikatua saa nane mchana. Na begi halikuja. Ya shirika nimeyapeleka kwao, ila likikukuta jaza fomu kabla hujatoka ukumbini, maana kwa mkataba wa Montreal wa 1999 begi lisipofika ndani ya siku 21 unaruhusiwa kudai kama limepotea.

Sasa paking. Kwenye apu nilichagua "yenye kivuli", nikaongezea huduma ya kuwashiwa gari kila wiki, funguo nikawaachia. Kibasi chao eti kinapita kila dakika kumi na tano, nimesimama karibu saa nzima kituo hakina hata bati la kujikinga, lami inanatanata kwenye soli, kilipofika kiyoyozi kinampulizia dereva peke yake sisi huku nyuma tunaiva.

Kivuli kipo, siwasingizii. Ni neti iliyotandazwa juu ya mstari mmoja, na jua lenyewe halikai sehemu moja jamani, saa kumi jioni linapiga kwa ubavu, kivuli nilicholipia kilikuwa kimelala juu ya gari ya jirani ambaye pengine alilipia juani.

Nikashika kitasa kwa pindo la shati. Vumbi la kile kitasa lilikuwa zima, halina hata alama ya kidole! Wiki tatu, mtu anawasha gari kila wiki, anapitia wapi, dirishani? Ndani kopo la soda nililolisahau (kosa langu hilo, nakubali) limepasuka, sukari imekauka mpaka kwenye dari. Nje ilikuwa digrii 45, na gari iliyofungwa juani ndani yake huzidi nje kwa digrii 20 au zaidi, sasa piga hesabu. Kichuma cha mkanda kiliniunguza paja. Kitu pekee kilichofanya kazi ni pazia la kioo cha mbele nililoweka mwenyewe, usukani ulishikika.

Nageuza ufunguo, tik, kimya. Betri imekufa. Watu wanadhani betri inauawa na baridi, kumbe joto ndo linalimaliza, maji ya ndani yanakauka na plate zinaliwa polepole, halafu alamu nayo inanyonya kidogo kidogo wiki tatu, ndo sababu nililipia iwashwe.

Nikapiga simu ofisini, wimbo tu. Aliyeniokoa ni kaka wa zamu, kaniona kwa mbali akaja na waya za kubusti na chupa ya maji ya baridi, akaniambia "kwanza toka juani dada, gari itasubiri". Kafungua milango yote minne hewa ya moto itoke, kabusti, imeitika mara ya pili. Nikataka kupunguza upepo wa matairi niliyoona yamejaa sana, akanizuia, kumbe tairi ya moto lazima isome juu, ukipunguza pale ikipoa itakuwa chini, inapimwa asubuhi. Kaniambia niende moja kwa moja nisizime njiani. Pesa ya soda kakataa. Huyu nyota yake nampa kwa moyo mweupe, nyingine ni kwa sababu gari haikuibwa.

Safari ijayo gari inabaki nyumbani, nachomoa waya wa hasi kwenye betri, naomba mtu anipeleke.

Nimewaandikia na picha ya kitasa nimewawekea. Wamejibu baada ya siku nne, wanasikitika kwa usumbufu, wamenipa wiki moja ya bure, niitumie kabla kiangazi hakijaisha.