Shure SM58: maiki ya mtu anayeimba juu ya biti

Bendi yangu yote imo kwenye kompyuta: ngoma, besi, kinanda, hadi waitikiaji. Jukwaani nabaki mimi na Shure SM58, ile yenye kichwa cha wavu cha duara iliyotoka mwaka 1966. Wapo wanaoidharau kwa uzee wake. Kwa kazi hii mimi siibadilishi na maiki za kondensa, zile nyeti zinazohitaji umeme, hata kama studioni zinang'aa kuliko yenyewe.

Biti huja ikiwa imeshabanwa. Aliyeimalizia studioni ameiminya mpaka nguvu yake ni ileile mwanzo hadi mwisho. Koo la mtu haliko hivyo. Ubeti naukaribia kuunong'ona, kiitikio nakipasua, kwa hiyo ubeti humezwa na kiitikio kinawarukia watu masikioni. Hapo ndipo SM58 inaponisaidia: inapunguza besi za chini kabisa, zisigombane na ngoma, na inanyanyua kidogo sauti nyembamba za eneo la kilohezi 4 hadi 6 (kilohezi hupima wembamba wa sauti), ambako ukali wa konsonanti hukaa. Maneno yanasikika bila mtu kugusa voliumu. Ukiisogeza karibu na mdomo, besi inaongezeka yenyewe na ubeti unapata uzito. Kiitikio kikifika naivuta nyuma. Mkono wangu ndio kompresa ya kwanza, yaani kifaa cha kubana sauti inapozidi. Ile ya kwenye mikseri naiweka uwiano wa 3 kwa 1 (kila desibeli 3 zinazozidi kiwango zinatoka 1; desibeli hupima ukubwa wa sauti), ikamate vilele tu.

Mafundi mitambo wengi huanza na biti kwa sababu inachangamsha ukumbi. Wakishaijaza, sauti inatafutiwa nafasi juu yake, spika zinaanza kupiga mluzi, na lawama anapewa mwimbaji. Mimi naomba sauti kwanza, peke yake, mpaka isimame safi, ndipo biti ipandishwe taratibu chini yake. Ikiwa bado inameza maneno, ipunguzwe desibeli 2 au 3 karibu na kilohezi 3, kwenye biti, si kwenye sauti.

Maiki hii inasikiliza mbele na kupuuza kinachotoka nyuma yake moja kwa moja. Monita, ile spika ya kujisikilizia jukwaani, basi iwekwe mbele yako, ikitazama mkia wa maiki. Ukikishika kichwa kwa kiganja kizima, kama wafanyavyo wachanaji kwenye video, umeziba matundu yanayoifanya ipuuze ya nyuma, na mluzi utakuja hata fundi awe nani. (Ndiyo, mkao huo unapendeza kwenye picha.)

Udhaifu upo. Inataka geini nyingi, yaani mikseri iikuze sana sauti yake, hivyo mwenye sauti ya chini kwenye mikseri dhaifu atasikia mchakacho. Vipande laini vya pumzi haivileti kama kondensa. Ya kawaida haina swichi. Anayetaka swichi atafute SM58S. Kwa upande wa uimara sina neno, na kichwa chake kinafunguka kwa kuzungushwa, ukaoshe wavu na sponji ya ndani, jambo ambalo wanaoazimana maiki wangepaswa kulifanya mara nyingi zaidi.

Angalizo kwa mnunuzi: za bandia ni nyingi mno. Halisi ina gramu 298 bila kuhesabu waya wake. Ipime, halafu uiimbie kabla ya kulipa, maana uzito peke yake hautoshi.